Mkaratusi Ndani ya Birika

Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako ina bahati mbaya: kila mtu huipenda, na kila mtu humtupia mwenzake. Mtu akiibiwa kuku humtazama jirani na kuisema. Akisengenywa, humtazama shoga yake na kuisema tena. Maana yake, kama tunavyofundishwa, ni kwamba kinachomdhuru mtu hakitoki mbali. Ni kweli. Lakini ukiisikiliza vizuri utaona kwamba haikutaja ua wa jirani wala paka wa jirani. Imetaja nguo, tena nguo yako wewe uliyeivaa. Mzee Athmani wa Mji wa Kale, Mombasa, aliijua methali hii tangu utotoni, akaitumia miaka na miaka bila kuielewa, mpaka masika ya mwaka wa sitini na tano yalipomfundisha.

Mzee Athmani alikuwa karani wa forodha kule Kilindini kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu aliondoka na vitu viwili: saa ya mfukoni, na imani kwamba hakuna bidhaa duniani asiyoijua. Maadamu ilipita mbele yake bandarini, basi aliijua. Ukimtajia dawa ya kikohozi, atakwambia ilikuja kwa meli gani. Ukimtajia saruji, atakufundisha kujenga, ingawa hajawahi kushika mwiko. Mkewe, Bi Mwanakuu, alikuwa mwanamke wa maneno machache, na huenda ndiyo sababu ndoa yao ilidumu. Mungu aliwajalia binti mmoja tu, Tumu, mwenye haya mbele za watu na ulimi mkali jikoni.

Ng'ambo ya kichochoro, mlango ukitazamana na mlango, aliishi Bi Mwanaesha, mjane wa rafiki yake Mzee Athmani. Kichochoro chenyewe kilikuwa chembamba hata mtu akipiga chafya nyumba hii, wa nyumba ya pili humwombea rehema. Nyumba hizi mbili ziliazimana chumvi, ungo na makaa kwa miaka thelathini, na hakuna aliyehesabu. Bi Mwanaesha alikuwa na mwana, Jamaldin, fundi wa saa huko Makadara. Jamaldin alimtaka Tumu, Tumu alimtaka Jamaldin, na mama zao walikwisha kusikizana kwa macho tu, roshani kwa roshani. Kilichobaki ni mvua kupusa, anga litakate, posa iletwe, na Mzee Athmani aseme ndiyo.

Basi ndipo walipokuja mbu.

Masika yale yalikuwa ya kumwaga, na mbu wakatoka kama walioalikwa. Bi Mwanakuu alifukiza makumbi ya nazi mpaka nyumba ikawa kama tanuri, na bado saa za magharibi watu waliokaa barazani walijipiga makofi wenyewe kwa wenyewe. Katikati ya adha hiyo akatokea Joab, karani mwenziwe Mzee Athmani wa zamani, ambaye alistaafu akarudi kwao bara, karibu na Kakamega. Alishuka basi Mwembe Tayari, akaja kumjulia hali rafiki yake, mkononi ana chupa ya rangi ya kahawia.

"Haya ni mafuta ya mkaratusi, ndugu yangu," alisema Joab. "Kwetu miti hii imejaa vilimani. Chukua kikombe cha mafuta ya nazi, tia matone machache, ujipake mikononi na miguuni. Mbu hawaipendi harufu yake. Ila ni makali haya! Usijipake matupu, yasikuingie machoni, na usiyatie katika chakula wala maji."

"Joab, mafuta haya yamepita mbele yangu kwa mapipa," alijibu Mzee Athmani, akiipokea chupa. "Wanifunza mimi?"

Haki ya mtu apewe: mafuta yalifanya kazi. Bi Mwanakuu aliyachanganya na mafuta ya nazi kama alivyosikia, wakajipaka wote watatu, na magharibi ile mbu walikuja, wakanusa, wakageuka. Wiki nzima Mzee Athmani alikaa barazani kanzu imepandishwa magotini, akionyesha miguu yake kama mtu anayeuza. Wapita njia walipokea wasia wa mkaratusi hata wasipouliza. Kama mambo yangekomea hapo, hadithi hii isingekuwapo, na Tumu angeolewa bila ya kutoa chozi.

Lakini mjuzi wa kila kitu hana breki. Siku moja Mzee Athmani alisikia katika redio kwamba mbu huzaliwa majini. Akakaa, akafikiri, akajiona mwerevu. Ikiwa matone matano yanamfukuza mbu mzima, nusu chupa itafanya nini kwa mbu ambaye hata hajazaliwa? Na kwa nini amngoje adui mlangoni, wakati anaweza kumfuata kwao? Alhamisi alasiri Bi Mwanakuu na Tumu walikwenda arusini. Mzee Athmani akaingia msalani na chupa yake.

Humo msalani, kama katika nyumba nyingi za mji ule, mlikuwa na birika la mawe na chokaa, la maji ya kuoga na ya udhu. Ndani ya birika waliishi samaki wadogo kama kumi, kila mmoja hazidi kidole. Hapakuwa na aliyewalisha wala aliyewajali. Walikuwapo kama boriti zilivyokuwapo darini. Bi Mwanakuu alikuja nao siku za uarusi wake, katika bakuli alilopewa na Bi Mwanaesha kutoka birika la ng'ambo. Mzee Athmani alipata kuuliza mara moja wana kazi gani, akajijibu mwenyewe kwamba wamewekwa ili mtoto anayeogeshwa apate cha kutazama asilie. Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu Tumu aache kuogeshwa humo.

Alisema bismillahi, akamimina nusu chupa.

Saa za magharibi wanawake walirudi. Bi Mwanakuu aliingia kutawadha. Mara ukasikika ukelele uliomfanya Bi Mwanaesha afungue dirisha lake.

"Macho yangu! Baba Tumu, maji haya yana nini?"

"Tulia, mke wangu. Ni mkaratusi kidogo. Nimewakomesha mbu."

"Umeutia kwenye maji ya udhu?"

"Mafuta hayachanganyiki na maji," alieleza Mzee Athmani kwa upole wa mwenye elimu. "Yakaa juu yake tu. Kwa hivyo maji ni maji, na udhu ni sahihi."

"Haya, ingia utawadhe wewe kwanza," alisema Bi Mwanakuu, macho mekundu yakimtiririka.

Mzee Athmani aliingia. Alisukutua vizuri, hiyo ni kweli. Alipofika kuosha uso alitoka mbio akipapasa ukuta, akatafuta mlango wa nje, akashika wa kabati. Kwa siku mbili nyumba ile ilitawadha kwa maji ya Bi Mwanaesha, Tumu akiyavusha kwa ndoo. Na huyo Tumu, msimhurumie sana, maana hakuwahi kulalamika kutumwa nyumba ile.

Asubuhi ya pili, alfajiri imekwisha pambazuka, Mzee Athmani alimkuta msalani paka wa Bi Mwanaesha, dume nono jeupe liitwalo Pasha. Pasha alikuwa amekaa ukingoni mwa birika, na mdomoni unaning'inia mkia mdogo wa samaki. Alimtazama Mzee Athmani bila haya, akaumeza, akaruka dirishani. Mzee Athmani alichungulia birika. Hakuna samaki hata wa dawa.

"Ebo! Paka la jirani limenimalizia samaki wangu!" alinguruma. Hakupata kujiuliza vipi paka ambaye huchukia maji hata ya kunywa amewavua samaki kumi kwa usiku mmoja. Mtu akishampata wa kulaumiwa, maswali humwisha.

Siku ya tatu harufu iliondoka, maji yakawa maji. Baada ya siku kumi na mbili hivi, mbu walirudi. Na safari hii hawakuja kama wageni, walikuja kama wenye nyumba. Waliwauma wakiwa jikoni, waliwauma wakiwa ukumbini, walimng'ata Mzee Athmani kwenye kope. Yeye akazidisha mkaratusi. Mafuta ya nazi akayaona kuwa ni woga, akaanza kujipaka matupu, ngozi ikamvimba na kuwa nyekundu kama kamba aliyechemshwa. Msikitini, wenzake waliokuwa wakigombea kusimama naye safu ya mbele wakaanza kumpa heshima ya kumwachia nafasi kubwa pande zote.

"Mafuta ya nazi yapo, Baba Tumu," Bi Mwanakuu alimkumbusha.

"Hapa si suala la mafuta!" alifoka. "Hawa mbu wana kwao. Wanatoka ng'ambo!"

Alikuwa ameupata ushahidi. Uani kwa Bi Mwanaesha na kwenye roshani yake palikuwa na vyungu kumi na vinne vya asumini na mrehani, navyo humwagiliwa asubuhi na jioni. Vyungu vina maji, maji yana mbu, na mwenye vyungu ndiye mwenye paka aliyekula samaki. Mzee Athmani alijumlisha kama alivyokuwa akijumlisha shehena. Jioni hiyo, mbele ya watu wanane waliokaa barazani, alisimama na kunyoosha kidole kuvuka njia.

"Wallahi nawaambia, nyumba inayofuga mbu haina nikaha na nyumba nyingine! Si kuoa, si kuoza. Na mimi Athmani, maadamu ni hai, sitachanganya ukoo wangu na nyumba ya mbu. Kikulacho ki nguoni mwako!"

Kule juu, dirisha la Bi Mwanaesha likafungwa polepole. Ndani ya nyumba yake Mzee Athmani, Tumu aliangusha mwiko, akakaa sakafuni, akalia. Si kilio cha deko. Alilia mpaka mamake akaondoa chungu motoni, maana hapakuwa na wa kula.

Ungedhani yangetosha. Kesho yake Mzee Athmani alivaa koti juu ya kanzu, akaenda ofisi ya afya kumshitaki jirani yake. Siku ya tatu akaja bwana afya, kijana wa Kirabai aitwaye Jefwa, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi sawasawa, mkononi ana kurunzi na upawa mweupe wa kuchotea maji. Watu wa baraza walikuwa wamekwisha kaa. Wengine walileta kahawa.

"Hodi, mama," alisema Jefwa mlangoni kwa Bi Mwanaesha. "Samahani sana kwa usumbufu. Nimepata mashitaka ya mbu."

"Karibu, mwanangu. Nyumba ni yako, tazama upendapo."

Jefwa alitazama. Alipindua vyungu vyote kumi na vinne, akakuta udongo umelowa, lakini maji hayakutuama hata kijiko kimoja. Alifunua mitungi, kila mtungi ulikuwa na kawa lake. Aliingia msalani, akachota birika mara tatu, na mara zote tatu alitoa maji safi na samaki aliyekasirika. Akatoka.

"Hapa hamna hata kiluwiluwi kimoja," alitangaza.

"Tazama tena!" alisema Mzee Athmani.

"Nimetazama, mzee. Sasa twende kwako."

"Kwangu? Mimi ndiye mshitaki!"

"Kazi yetu ndivyo ilivyo. Tukiitwa na nyumba moja, twatazama na iliyotuita."

Mzee Athmani alicheka, akafungua mlango wake wazi na kuwapungia mkono watu wa baraza. "Njooni nyote mshuhudie! Birika langu nimelitia dawa mwenyewe, kwa mkono wangu. Bwana afya, hata ukitaka kuyanywa maji yake, kunywa!"

Wakajazana msalani kama watu waliokuja kumtazama maiti. Jefwa akawasha kurunzi, akachota upawa mmoja, akauinua kwenye mwanga. Ndani ya upawa mlikuwa na viluwiluwi visivyohesabika, vikijikunja na kujikunjua, vikipanda na kushuka, kama watoto wa chuo cha Kurani ambao mwalimu wao ametoka kidogo.

"Mzee," alisema Jefwa taratibu, "mimi siwezi kuyanywa haya."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi.

"Haiwezekani!" alisema Mzee Athmani. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilitia mkaratusi, nusu chupa nzima!"

"Ah." Jefwa aliushusha upawa. "Mafuta yale hayakai, mzee. Siku mbili tatu yamekwisha kuruka hewani, na mbu wakarudi kutaga. Lakini samaki hawarudi. Samaki wako wako wapi?"

"Wameliwa na paka la huyo!"

Bi Mwanaesha, ambaye alikuwa amesimama mlangoni buibui limemfunika mpaka kidevuni, aliingilia kati. "Paka wangu alitapika siku mbili, shemeji. Na kila akitapika, nyumba nzima inanukia mkaratusi. Mpaka leo akioneshwa samaki hutoka mbio. Nilijua alikula walioelea, wamekwisha kufa. Nami sikusema neno. Jirani husitiriwa."

"Hao samaki ndio waliokuwa wakiwala watoto wa mbu," aliongeza Jefwa. "Wazee wa mji huu waliwaweka kwa hekima. Wewe umewaua walinzi, mzee, kisha ukamshitaki jirani kwa wizi."

Akaandika hati, akampa siku saba. Birika likikutwa vile vile, ni kortini. Watu wa baraza walitoka mmoja mmoja wakitazama chini, kwa adabu, na walipofika pembeni kidogo Mzee Athmani akawasikia wakicheka mpaka wanashikana mabega.

Ilibaki nyumba na watu watatu. Mzee Athmani alikaa juu ya kiti, hati mkononi. Tumu alisimama mbele yake, haya zimemwondoka.

"Baba, uliapa nyumba inayofuga mbu haina nikaha na nyingine. Sasa nani atanioa mimi?"

Mzee Athmani aliyatazama macho ya Tumu yaliyovimba, akajua kwamba hayo hayakuvimbishwa na mbu.

"Mama Tumu," aliita. "Nipe bakuli."

Bi Mwanakuu hakuuliza bakuli la nini. Alimpa lile lile, la maua ya buluu, alilokuja nalo miaka thelathini iliyopita.

Mji wa Kale una mambo yake. Mwanamume mzima, amevaa kanzu na kofia ya viua, kuvuka njia mchana kweupe ameshika bakuli tupu kwenda kuomba kwa jirani, na watu wanane wamekaa barazani, si jambo dogo. Kichochoro kile kilikuwa hatua sita. Mzee Athmani alisema baadaye kwamba alipokwenda Hija, masafa yalikuwa mafupi kuliko yale.

"Hodi hapa."

"Karibu, shemeji," alijibu Bi Mwanaesha. "Chumvi?"

"Samaki," alisema Mzee Athmani. "Na msamaha. Nilikukosea, mke wa rafiki yangu. Nilikuvunjia heshima mbele za watu, na aibu ilikuwa yangu."

"Msamaha nimetoa. Lakini shemeji, liko neno. Uliapa nyumba ya mbu si ya kuoa wala kuoza, na watu walisikia. Sasa mwanangu Jamaldin, mimi nitampelekaje akaoe katika nyumba ya mbu? Si nitakuwa nimevunja sheria yako?"

"Bi Mwanaesha, nakuomba. Kosa ni langu. Asilipe mtoto. Niambie nifanye nini, nami nitafanya."

"Kiapo kina kafara yake. Lisha masikini kumi. Kisha kakiondoe pale pale barazani ulipokiweka, kwa sauti ile ile."

"Nitafanya. Wal..." Akauma ulimi. "Inshallah nitafanya."

Hapo Bi Mwanaesha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa buibui. Alilichukua bakuli, akaingia msalani, akarudi limejaa maji na samaki kumi wanaometameta.

"Hawa ni wachanga, wataka kutazamwa," alisema, akimkabidhi kwa mikono miwili. "Usiwatie dawa yoyote. Nasi Ijumaa baada ya Alasiri tutakuja, mimi na Jamaldin na wajomba zake, kuwatazama hao samaki. Mwambie Bi Mwanakuu apike mahamri ya kutosha."

Mzee Athmani alielewa. Wajomba hawavai majoho kwenda kutazama samaki. Akarudi zake ng'ambo akitembea polepole ili maji yasimwagike. Nyuma ya dirisha, kuna mtu alipiga kigelegele kifupi akajiziba mdomo, na watu wa baraza wakajua ni Tumu.

Posa ililetwa Ijumaa hiyo. Jefwa aliporudi siku ya saba alichota maji safi na samaki aliyekasirika, akaichana hati, akapewa mahamri. Mkaratusi uliobaki ukarudi mikononi mwa Bi Mwanakuu, matone matano kwa kikombe cha mafuta ya nazi, na hakuna mbu aliyesogea karibu na bwana arusi.

Lakini kabla ya hayo, kafara ililiwa, na jioni yake Mzee Athmani alisimama tena barazani. Watu wanane wale wale walikuwapo. Aliondoa kiapo chake neno kwa neno, sauti juu. Alipomaliza, mmoja wao, kwa uchokozi tu, akamwuliza, "Sasa mzee, hebu tuambie, hao mbu walikuwa wakitoka nyumba gani?"

Mzee Athmani hakunyoosha kidole kuvuka njia. Alishika ukosi wa kanzu yake mwenyewe, iliyokuwa bado inanukia mkaratusi, akaukung'uta mara mbili mbele yao, akasema: "Kikulacho ki nguoni mwako."